Mama, Usitume Majani

Shikamoo Mama. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Njombe? Sisi huku Usambara tupo, ingawa kuandika kwamba ni wazima mkono unasita.

Mjomba alipopita alisema unakausha majani ya kumtumia mume wangu Lameki, yampe kinga. Nakuomba usitume. Usikasirike, soma kwanza.

Lameki alianza kukohoa wakati wa masika. Tangu shamba la chai lipate mmiliki mpya, zahanati yetu imefungwa, kwa hiyo tukashuka hospitali. Wakasema ni kifua kikuu, wakampa vidonge. Akazidi kukonda. Wachumaji wenzake wakamwelekeza kwa Mama Hoza, mganga wa Mgwashi anayeheshimika sana. Alimpa majani ya kutwanga na kukamua, kikombe kidogo kila asubuhi.

"Yanaamsha kinga ya mwili," alimwambia.

Lameki kwa hofu ya kufa akawa anakunywa mchana na jioni pia, juu ya vidonge. Mwanzoni alikula vizuri, nikafurahi. Kisha macho yakawa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na akaanza kuniita kwa jina la dada yake.

Tulimbeba hadi hospitali. Daktari akauliza ni majani gani, sikuyajua. Ikabidi nipande Mgwashi.

"Wakinifunga je?" Mama Hoza aliniuliza.

"Watakufunga kwa lipi, Mama? Wanataka kuyaona tu. Mwenzangu anakufa."

Akajifunga kanga, akakata tawi, tukashuka wote.

Daktari aliligeuza lile tawi mkononi. "Yapo majani yanayoamsha kinga, na yapo yanayoipoza. Haya sijui yanafanya lipi. Ninachojua, ini limeumia, na huenda vidonge vyetu navyo vimechangia."

"Hakuniambia kama anameza vidonge," Mama Hoza akasema, machozi yakimlengalenga.

Wakasimamisha vyote. Hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote, Mama. Mtu wa kifua kikuu amelala hana kidonge, hana jani, na mimi nasikiliza kama bado anapumua. Taratibu macho yakarudi kuwa meupe, wakaanza kumrudishia vidonge kimoja kimoja.

Kisha wakatupima damu sote wawili, kutafuta ule ugonjwa ambao sitaki kuuandika. Lameki anao. Kwangu hawajauona, ila nirudi kupimwa tena. Usingizi hauji. Kila kipele nakitazama. Majirani nao wameacha kuazima vyombo vyetu.

Nisalimie baba mdogo anayekulimia, na shangazi mkubwa wa kanisani. Shangazi mwambie tu kwamba Lameki alikuwa na homa ya ini. Mengine yabaki kwako.

Niliacha kalamu kidogo, Lameki aliniita tule. Leo ameweza kukaa nje juani. Alikuwa amegawa ugali, wangu sahani moja, wake sahani nyingine. Nikaurudisha wangu kwenye sahani yake, nikaketi, tukala pamoja, majirani wakitazama. Niliogopa, Mama, lakini nilikula hadi tukamaliza.

Niombee.

Mwanao anayekuhitaji,
Tumaini