Kibati cha Thelathini

Kaka mpendwa,

Kabla ya salamu naomba nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata Mama: mimi nikiogopa, husema ndiyo. Mwalimu akiniuliza kama nimeelewa, nami sijaelewa, nasema ndiyo. Nikiulizwa kama nimeshiba, nasema ndiyo. Watu hudhani ni adabu, kumbe ni woga mtupu.

Sasa nikusalimu. Shikamoo. Kazi inaendeleaje, na kile kikohozi ulichotuandikia kimepungua? Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mama anaendelea na cherehani yake na goti limeacha kumsumbua. Mimi nimemaliza mitihani ya muhula na nimekuwa wa tatu, ila usinipongeze mpaka umalize kusoma.

Naandika Ijumaa mchana, mezani jikoni. Dirishani namwona Baba uani akiifuta pikipiki ya marehemu babu. Ndiyo, ile ile uliyoiacha chini ya turubai, kuku wakitaga juu ya kiti chake. Imepona. Kesho asubuhi Baba na Mama wataipanda waje kwako, kilomita mia mbili na kumi, na ule mlima mrefu uko katikati. Baba anasema anataka usikie mlio wake kabla hujamwona yeye.

Tangu uondoke, kazi zako za gereji zimeniangukia mimi. Baba anaona mbali kama mwewe, lakini kitu kikiwa mkononi mwake ni ukungu tu, na miwani hataki kuisikia. Anasema ni ya wazee na wahasibu. Kwa hiyo mimi ndiye macho yake. Jirani yetu mchomea vyuma hunicheka kila nikipita na kitabu cha injini kwapani. Juzi alimwuliza Baba kama siku hizi pikipiki zinapona kwa kusomewa hadithi. Baba akamjibu kwamba afadhali zisomewe kuliko kutwangwa nyundo, maana yeye hata geti la watu hulitengeneza kama anaua nyoka.

Kazi ya ringi unaijua kuliko mimi, lakini niache nieleze nilivyoielewa ili uone nilipokosea. Ringi ya pistoni si duara kamili. Imekatwa mahali pamoja, na ikiwa ndani ya silinda ncha zake mbili lazima ziachiane upenyo mdogo. Injini ikipata moto chuma kinatanuka, ncha zinasogeleana. Upenyo ukizidi, injini inatoa moshi na kukosa nguvu. Upenyo ukipungua, ncha zinagongana, ringi inakosa pa kwenda, inaikaba silinda, na gurudumu la nyuma linasimama ghafla pikipiki ikiwa mbioni. Kitabu kinalisema hilo kwa mstari mmoja tu, kana kwamba juu ya pikipiki hakuna mtu.

Upenyo tunaupima kwa vile vibati vyembamba, kila kimoja na namba ya unene wake. Injini hii inataka kibati cha thelathini kipite kikigusa kidogo pande zote. Seti ya ringi tuliingoja miezi mitano. Baba alinikabidhi tupa, akaniambia nisugue ncha moja tu, kidogo kidogo, maana chuma ukishakila hakirudi, na seti nyingine hajui itatoka wapi.

Ringi ya chini niliisugua ikapitiliza. Kibati cha arobaini kiliingia bila hata kubisha hodi. Nilimwambia Baba. Hakufoka. Alisema ya chini itatuvumilia, ila ya juu, iliyo karibu na moto, nisiichezee. Kisha akaenda kumhudumia mteja wa pancha.

Kaka, ni hapo. Ringi ya juu niliisugua mara sita, nikapima. Kibati cha kumi na tano kikapita. Cha ishirini kikagoma. Nikaiweka tupa tena kwenye ncha, mkono ukakataa. Akilini nilimwona Baba akiishika ringi ya pili iliyoharibika, akinitazama. Nikaiweka tupa chini. Aliporudi akaniuliza kama cha thelathini kinapita. Nikasema ndiyo.

Akakichukua kibati, akakiinua kwenye mwanga, akaridhika. Tukafunga injini. Imezunguka mtaa mara tatu, watu wakaipigia makofi. Lakini mtaa wetu ni tambarare, na mizunguko mitatu ni dakika tano. Moto wa kweli itaupata kesho kwenye ule mlima, Mama akiwa nyuma amemshika Baba kiunoni. Siku ya nne leo chakula hakinishuki. Hivi sasa Mama amevaa kofia ngumu, anajitazama kwenye kioo cha dirisha, ananiuliza kama imemkaa. Nimesema ndiyo.

Niliiacha barua hapo. Sasa ni saa kumi na moja jioni.

Nilitoka uani. Baba alikuwa akifunga sanduku nyuma ya kiti, mchomea vyuma kando yake akimshauri fundo la kamba. Nilitaka jirani aondoke kwanza, lakini nilijua nikimngoja sitasema. Nikasema mbele yake kwamba ringi ya juu ni kumi na tano, wala si thelathini, na kwamba nilijua. Mchomea vyuma alikumbuka ghafla kwamba ana kazi, akaenda zake. Baba aliketi juu ya debe la oili, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Halafu akafoka, kaka, kama sijawahi kumsikia, kwamba ningemuua mama yangu kwa neno moja. Mama akatoka mlangoni, akavua kofia, akamwuliza Baba na yeye kibati alikitazama kwa macho gani. Baba akanyanyuka, akaleta spana.

Tukaifungua injini. Ncha za ringi zilikuwa zimeng'aa pale zilipoanza kugusana, kwa dakika tano tu za mtaani. Baba alikishika kidole changu akakipitisha hapo. Kisha akanipa tupa. Nilisugua, nikapima, nikasugua, nikapima, huku nalia, na Baba hakuniambia ninyamaze. Cha ishirini kikapita. Cha ishirini na tano kikapita. Cha thelathini kilipopita, nilimwita Mama, anayetunga uzi sindanoni kila siku, aje naye apime.

Utakapoisoma barua hii Jumamosi itakuwa imepita nao hawakufika, maana injini bado iko vipande vipande na Baba hataki kuifunga kwa haraka. Baba amekwisha kukupigia simu na kukuambia Mama ana mafua. Nilimsikia. Mama hana mafua, Baba ananisitiri. Nilimshukuru, nikaingia ndani nikaandika haya yaliyobaki, na sasa naenda kuitumbukiza barua kwenye sanduku la posta mimi mwenyewe.

Nisalimie wote unaoishi nao. Ukijibu kwa hasira nitaelewa, ila nijibu.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwita Kobe.