Mama, Jumatano Imehamia Jikoni Kwangu

Mama,

Ni mimi, Nyar Karungu, binti wa Karungu kule ziwani, mke wa mwanao Ouma. Najua ungenicheka ukiona nimekaa kuandika na nepi bado ziko kwenye beseni. Zingoje kidogo.

Tangu tukuzike, mlango wako haujafunguliwa. Hapa Kosele nyumba ya mama aliyeondoka hairekebishwi, inaachwa ianguke yenyewe. Hilo sibishani nalo. Kilichonisumbua ni Jumatano. Wale wenzako wawili, Mama Dorsila na Mama Perpetua, wajane wanaoishi peke yao kama ulivyoishi wewe, wangekutana wapi sasa?

Unakumbuka tulivyoanza? Nilimweleza nesi wa kliniki ya watoto kule Oyugis kwamba hulali, magoti yanakuuma, na siku inaweza kuisha hujaongea na mtu. Akanionyesha jinsi ya kukukanda miguu, na kukufundisha kupumua polepole kwa kuhesabu. Wewe ukaniangalia juu mpaka chini. "Nimepumua tangu wakati wa Mzungu, leo Nyar Karungu ananifundisha kupumua!"

Na miguu ukakataa kunipa. Mke wa mwanao akushike miguu, uliona ni aibu. Nikakaa pale chini, sikuondoka mpaka ukaninyooshea mguu. Ulisema mwenyewe nina shingo ngumu.

Halafu lile kosa langu la mafuta. Sikuwa na mengine, nikakupaka yale ya samaki, ya mbuta, niliyotoka nayo kwetu ziwani. Sabato ukaenda kanisani na paka watatu nyuma yako. Mama Perpetua akasema, "Leo umeleta waumini wapya." Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Tangu hapo tukatumia mafuta ya mgando, na wenzako wakaanza kuja kila Jumatano waone unafanywa nini.

Mkawa mnanyoosha mikono, mnakandana mabega, mnavuta pumzi mkihesabu achiel, ariyo, adek, ang'wen, kisha mnaiachia. Ukaanza kulala. Ukaanza hata kunigombeza kwa sauti nzuri. Lakini siku uliposema utaacha vidonge vya presha kwa sababu mwili umekuwa mwepesi, nilikukaripia. Mikono yangu haikuwa dawa ya presha, Mama. Ukavimeza mbele yangu hadi asubuhi ya mwisho.

Sasa sikiza. Wiki ya pili baada ya mazishi, sikuona moshi kwa Mama Dorsila. Nikafunga mtoto mgongoni nikaenda. Nilimkuta ameketi kitandani, uji wa jana uko vilevile.

"Niache, nyathina, mwanangu. Mwenye Jumatano ameenda."

Nikamwambia Jumatano itakuwa jikoni kwangu.

"Kwako? Watoto wako watatukanyaga kama vifaranga."

Nilikaa chini kama nilivyokaa miguuni pako, nikachukua mguu wake, nikaanza kuhesabu. Mara ya kwanza nilihesabu peke yangu. Mara ya pili pia. Mara ya tatu, nilipofika ang'wen, alishusha pumzi na machozi yakatoka nayo, yale ambayo hakuyatoa kaburini kwako. Alilia mpaka akatosheka. Kisha akauliza, "Hayo mafuta ni gani? Yasiwe ya samaki."

Jumatano hiyo alikuja. Mama Perpetua pia, na mkeka wake. Watoto waliwakanyaga kweli. Atieno wangu ndiye anahesabu sasa, na akifika adek anaruka moja kwa moja mpaka kumi, nao wanabaki wameshika pumzi wakimwangalia.

Nimechoka, Mama, sitakudanganya. Mdogo ananyonya huku ninakanda. Wiki iliyopita Mama Dorsila aliona, akaniamuru nikae mkekani, akanishika miguu. Mama wa umri wake! Nikaivuta, nikasema hapana, ni aibu. Akaniambia, "Ndivyo mwenzetu alivyosema." Basi nikampa. Mikono yake ina nguvu kuliko yangu.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Kila asubuhi nikitoka nje naangalia kwanza moshi wa nyumba hizo mbili, ndipo nawasha moto wangu. Siku moshi wa mmoja wao usipoonekana, nitakuwa mlangoni kwake na kopo la mafuta, na sitaondoka. Shingo yangu unaijua.

Oriti, Mama. Pumua.

Wako,
Nyar Karungu