Kaa Chini ya Kikapu cha Sadaka

Jumapili, Ruiru

Na ndoo nilikuwa nimeifunika vizuri. Nitasema hivyo hata mahakamani.

Asubuhi niliingia bwawani na kayaki, mtumbwi wangu mdogo, kama ninavyofanya tangu nikiwa kijana, nikashusha wavu wenye matumbo ya kuku, nikapata kaa kadhaa. Ndoo nikaiweka jikoni. Nilisahau kabisa kwamba leo jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa inasali kwetu.

Tukiwa tumefumba macho, nikasikia kitu kinakwaruza sakafu. Nikafungua jicho moja. Kaa alikuwa anaelekea kiatu cha Mama Njeri, mwenyekiti wetu, ambaye hata samaki hali. Kilichokuwa karibu ni kikapu cha sadaka. Nikamfunika nacho.

Baada ya amina watu walitoa noti, wakatafuta kikapu. Kikapu kilikuwa kinatembea, upande upande, kuelekea mlangoni.

"Baba Kamau," Mama Njeri akaniuliza polepole, "kikapu cha Mungu kinaenda wapi?"

Nikakiinua mbele ya wote, nikamrudisha kaa jikoni.

Wageni walipoondoka, mke wangu Wambui hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema akiona mnyama mwingine wa maji ndani ya nyumba hii, kayaki inauzwa. Hiyo kayaki nimekaa nayo muda mrefu kuliko nilivyokaa na yeye.

Kisha akataka kujua kama kaa wote wamerudi kwenye ndoo. Nikahesabu mbele yake: wanne.

"Ni hao tu," nikamwambia.

Sasa amelala. Walikuwa watano, wa tano sijui aliko, na slipa za Wambui ziko chini ya kitanda.