Funguo Kwenye Kopo la Unga

Tamsin, shoga, uko wapi?

Nimetoka maktaba ya Burnie sasa hivi, kusoma ile hadithi yangu ya nyumba inayomficha mwenyewe vitu. Watu wameogopa na wanataka zaidi! Keki zimewabaki mkononi.

Unamkumbuka jirani yangu Merridy, anayeambiwa na mumewe kwamba kumbukumbu zinamtoka? Huyo Graeme hata gari kamkataza kuendesha. Merridy huniambia, "Hadithi zako za ajabu ndizo pekee zinazofanana na nyumbani kwangu." Mimi nilidhani ananisifia tu!

Leo wamekuja wote wawili kunisikiliza. Sasa nafika pale mwanamke wa hadithi anapokuta funguo ndani ya kopo la unga. Graeme huyo kasimama, uso umemwiva. "Nani kakwambia habari za unga?"

Nimeitunga kichwani, Tamsin! KICHWANI!

Akamgeukia mkewe. "Umeanza kututangaza?"

Merridy akajibu taratibu, "Funguo nilizikuta kwenye unga kweli. Niliona aibu, sikumwambia mtu. Hata wewe sikukwambia, Graeme."

Hata wewe sikukwambia!! Sasa yeye kajuaje habari za unga?

Graeme anababaika, "Mpenzi, uliniambia, umesahau tu..."

"Nipe funguo za gari."

Akampa. Mbele yetu sote, akampa.

Niko na Merridy garini, tunakwenda kwa dada yake Devonport. Anaendesha vizuri kuliko mimi. Hataki kumzungumzia Graeme kabisa. Anataka nimsomee hadithi iliyobaki.