Jasho la Mabati

Jumatatu, 4 Julai 1983

Baridi ya leo inaingia hadi kwenye mifupa. Rasharasha tangu asubuhi. Shuka za mama wa Lavington ninayemfulia nimezianika ndani tena, kamba kutoka ukuta huu hadi ule. Nje siwezi. Mvua isipozilowesha, wezi wa kamba watazibeba. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe natembea nimeinama kama ninapita kwenye shamba la migomba. Jiko linawaka mchana kutwa, sufuria ya maji juu, angalau chumba kipate joto na nguo zikauke.

Na paa linavuja! Tone, tone, juu ya shuka nyeupe, na kila tone linaacha doa la masizi. Nafua mara ya pili shuka ambazo mwenyewe hajazilalia.

Lusweti ndiye aliyebadilisha mabati ya ploti hii, vyumba vyote vya kupanga, mwezi wa tano. Mtu wa kwetu Bungoma, tunasali kanisa moja. Nilidhani mtu wa nyumbani atanifanyia kazi safi. Kumbe!

Gauni langu la Jumapili limeota kuvu mgongoni. Nimelisugua na chumvi na ndimu. Ukuta nyuma ya kitanda ukiushika, mkono unarudi na maji. Na kila asubuhi naamka kichwa kinaniuma.

Jambo moja tu ndilo zuri: tangu nizibe ule uwazi wa juu, naomba kwa raha. Vyumba vyetu hivi ukuta haufiki kwenye mabati, kwa hiyo kila nililokuwa nikimwambia Mungu alfajiri, Akoth wa chumba cha pili alilisikia. Siku moja tuko bombani, mbele ya watu, ananiuliza, "Na yule mkwe wako, ameacha pombe?" Nilikuwa nimemwambia Mungu peke yake! Nikachukua magunia na nailon, nikaziba juu pande zote, hata upande wa barabara. Sasa nikiita, ni mimi na Baba yangu.

Jumatano, 6 Julai

Mzee Gichuru amepita. Yeye ndiye mwenye ploti, na ni mzee wa kanisa pia. Akasimama mlangoni na kofia yake mkononi, akaangalia juu.

"Mabati mpya na ndani inanyesha?"

Nikamwambia, ona mwenyewe. Akauliza huyo Lusweti alifanya nini. Hapo — sijui ilitoka wapi — nikasema, "Alirudisha misumari ya zamani. Ile aliyong'oa. Aliigonga kwa jiwe ikanyooka, akaipiga tena."

"Uliona?"

"Niliona."

Sikuona. Siku ile nilikuwa Lavington kuchukua nguo. Lakini kila mtu anajua paa linavuja penye msumari wa zamani, na hasira ilikuwa mdomoni tayari, na akili ikatengeneza picha yote, jiwe na nyundo na Lusweti amechuchumaa. Nilipokuwa nasema niliiona kabisa.

Mzee akatikisa kichwa. Akasema, na huyo ndiye tulitaka tumpe paa la kanisa jipya.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kitu. Nikamkaribisha chai.

Ijumaa, 8 Julai

Lusweti amekuja mwenyewe. Amesikia. Hakuja na maneno, alikuja na ngazi na debe la lami. Akapanda, akapapasa kila msumari, nikamsikia juu anatembea taratibu kama paka. Alipaka lami hata pasipohitaji. Aliposhuka akanawa, akasema, "Mama Sella, mimi sioni tundu. Lakini nimepaka. Kama ni mimi, unisamehe."

Kuhusu misumari hakuuliza neno. Nilitamani anitukane.

Nilimpa chai na mandazi. Nilimwangalia viatu, sikumwangalia uso.

Baadaye jioni akina mama wa umoja wa kanisa wamekuja chumbani kwangu kuomba juu ya paa. Waruguru, mwenyekiti wetu, alikemea roho ya uharibifu na roho ya mafundi wadanganyifu. Nilisema Amina. Wengine wote waliisema kwa sauti kubwa, na mimi pia.

Jumapili, 10 Julai

Imetangazwa. Paa la kanisa limepewa fundi mwingine, wa Dagoretti. Mzee Gichuru hakutaja jina la mtu, alisema tu kwamba nyumba ya Mungu haipigwi misumari ya zamani. Watu wakageuka kuangalia benchi la nyuma, alipokaa Lusweti.

Nje, mke wa Lusweti alinisalimu kwa mikono miwili. Aliniuliza kama baridi haijanishika kifua. Ana mimba kubwa.

Nimekosa hamu ya chakula. Nyama imelala kwenye sufuria.

Jumatatu, 11 Julai

Leo jua limetoka! Tangu alfajiri hakuna hata wingu. Nikasema leo shuka zitakauka, lakini bombani wanasema usiku kamba ya Mama Muli imebebwa yote na nguo zake, basi nikaanika ndani vilevile. Jiko, sufuria ya maharagwe, pasi ya makaa pembeni.

Kabla ya saa tatu — tone kwenye shingo yangu.

Nikatoka nje. Jua la asubuhi, bado halijapasha bati. Mabati juu makavu kabisa, paka wa Akoth amelala hapo anajigeuza. Nikarudi ndani. Tone. Nikajiambia ni maji ya wiki iliyopita yamejificha kwenye mikunjo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kusema.

Halafu nikafunua maharagwe kuongeza maji. Kifuniko nimekishika juu, nakiangalia, na maji yanatiririka chini yake, tone, tone, ndani ya moto. Kifuniko hiki nilikinunua mwaka jana. Hakijatoboka popote.

Nilikaa chini sakafuni.

Maji hayatoki mbinguni. Yanatoka kwangu. Kwenye shuka, kwenye sufuria, kwenye pumzi yangu mwenyewe. Yanapanda, yanafika kwenye bati la baridi, yanakosa pa kutokea kwa sababu nimeziba, yanarudi. Mimi nimetengeneza sufuria nikajifunika ndani yake. Na mtu mwingine ndiye anayepikwa!

Jumanne, 12 Julai

Nimeingia kwa Akoth kwa kisingizio cha kuomba chumvi. Bati moja lile lile, linaanza kwangu linaishia kwake, msumari wa mtu mmoja. Chumba chake kikavu. Samaki wake wadogo, omena, amewatandaza kwenye gazeti na hata hawajalegea.

Akacheka. "Ati unaangalia nini huko juu, Mama Sella? Malaika?"

Nikamwuliza kama kwake kunavuja. "Kuvuja? Kwangu hata jasho hakuna. Upepo unapita huko juu kwenda Uganda." Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeumia kidogo, "Na wewe siku hizi umeacha kuomba? Nilikuwa naamka na wewe. Sikuwa nasikiliza mambo yako. Nilikuwa naitikia."

Nimerudi bila chumvi.

Nimetoa magunia yote. Yamelowa, meusi, yananuka kama kaburi. Nimeyachoma nyuma ya choo.

Alhamisi, 14 Julai

Ukavu. Siku mbili hakuna tone, na nimeanika kama kawaida na nimepika kama kawaida. Kichwa hakiumi. Ukuta nikiushika unanirudishia vumbi. Ningefurahi kama ningekuwa mtu mwingine.

Waruguru alipita, akainua macho, akainua na mikono. "Bwana ametenda!" Akaniambia Jumapili nitatoa ushuhuda. Nikasema, mama, ngoja kwanza. Akasema ushuhuda haungoji, ukingoja unachacha.

Nikasema, "Asifiwe." Yaani kinywa changu hiki! Ningekishona.

Nimeuliza bombani habari za Lusweti. Wanasema huku Kawangware hakuna anayempa kazi tena, hata ya kupachika bawaba. Anashinda Kibera, Gatwekera, anakandika nyumba za udongo. Fundi wa mabati, anakanyaga udongo kwa miguu.

Jumamosi, 16 Julai

Nilikwenda Gatwekera. Kwa miguu, mpaka soli ikanikata kisigino. Njiani nilifanya mazoezi ya maneno. Ndugu Lusweti, mimi nilisema uongo. Maneno mepesi hata mtoto angeyabeba.

Nilimkuta na udongo hadi magotini, anakandika ukuta. Vijana walikuwa wanamtania, "Fundi, hapa misumari haitakiwi, relax!" Habari imefika hata huku. Aliponiona alijifuta mikono kwenye nyasi, akanitafutia debe nikalie, akaligeuza upande msafi.

Kabla sijafungua mdomo akasema yeye.

"Mama, nimefurahi umekuja. Nimefikiri sana. Siku ile tulikuwa tunakimbizana na mvua, na misumari ilikuwa imechanganyika chini. Labda kweli niliokota wa zamani. Mmoja, wawili. Kama wewe uliona, basi uliona. Wewe huwezi kusema uongo, ni mtu wa maombi."

Nilimwangalia. Anaamini! Nimemwingizia kichwani mwake kitu ambacho hakukifanya, na sasa anakikumbuka.

Nikasema, "Lusweti, paa limekauka." Uso wake ukang'aa. "Basi lami ilishika! Bwana asifiwe." Akawaambia wale vijana, mnaona? Akanishika mkono, mkono wake una udongo, wangu una sabuni miaka yote, nikauona mkono wangu mweupe na nikauchukia.

Vijana wapo, nikasema moyoni, ngoja waende. Hawakwenda. Nikasema, mke wako anaendeleaje. Akasema amekaribia. Nikaondoka. Nilikuwa nimembebea sukari, nikasahau kumpa, nikarudi nayo hadi nyumbani.

Petro angalau jogoo alimwikia. Mimi nimerudi njia yote na hakuna kilichonililia.

Jumapili, 17 Julai

Nimerudi kanisani sasa hivi, hata kitambaa sijavua.

Nilisimama. Nilisimama na nia, Mungu ni shahidi. Nikasema, Bwana asifiwe. Wakaitika. Nikasema, paa langu halivuji tena. Nikavuta pumzi niseme lile la pili, kwamba halikuwahi kuvuja — na vigelegele vikapasuka! Waruguru akashika pambio, ngoma ikaitikia, kanisa zima likasimama. Nikapaza sauti, "Ngojeni! Sijamaliza!" Wakadhani ni Roho ameshuka. Mmoja akanishikilia kiuno nisianguke. Nikakaa. Au nilikaa upesi mno? Ningeweza kubaki nimesimama mpaka wachoke. Pambio gani lisiloisha? Nilikaa kwa sababu kukaa kulikuwa rahisi.

Mlangoni Mzee Gichuru akanipa mkono. Akasema leo tutapita kwako, mimi na wazee wenzangu, weka chai, kuna jambo la baraka. Nikajua, ni leo. Hapa hakuna ngoma. Nitamwambia kabla hajakalia kiti.

Chai imechemka. Nimepanga vikombe. Naandika hii nimesimama.

Wameingia kwenye ploti. Nasikia viatu. Akoth yuko nje anawaambia, "Karibuni, karibuni, leo ni posa ama ni nini?" Wanacheka. Kuna mtu mmoja hacheki.

Sauti ya Gichuru, chini chini, lakini naisikia. Anamwambia mtu: "Ukikubali mbele ya mama na mbele ya wazee, tutamwambia yule wa Dagoretti akuchukue umbebee mabati. Sema polepole. Huyu mama ana huruma."

"Ndiyo, mzee."

Ni Lusweti.

Amebisha. "Mama Sella, hodi. Nimekuja juu ya ile misumari."

Nimesema ngojeni kidogo, nabadilisha nguo. Sibadilishi nguo. Nimevaa.

"Hakuna haraka, mama," anasema.

Mlango haujafungwa hata. Umerudishwa tu.