Mlinzi wa Bwawa Hayumo Kwenye Filamu Mpya

Jumapili, Mbulu. Ukungu umelala mjini tangu alfajiri na sasa ni saa kumi na moja jioni, bado sijaliona bati la jirani. Baridi ya kuuma masikio. Nimevaa makoti mawili na vidole bado vinagoma kuandika. Labda si baridi peke yake.

Mnaonifuata hapa mnanijua kwa kuponda filamu. Nina banda la video nyuma ya soko, na wateja wananiita DJ. Nakaa nyuma ya watu na maiki yangu, filamu inasema Kiingereza na mimi nasema Kiswahili juu yake, sauti zote mimi. Mume mimi, mke mimi, mbwa akibweka mimi. Halafu naingia humu naandika ipi nzuri na ipi takataka. Wiki nzima mmeniuliza swali moja: ile filamu ya bwawa kupasuka, iliyotengenezwa upya, imeifikia ya zamani?

Nitajibu. Ila safari hii jibu lina mambo yangu ndani yake, na sijawahi kuyaandika popote.

Tuanze na ya zamani, kwa wasioijua. Kuna bonde, mji mdogo bondeni, bwawa juu. Mlinzi wa bwawa, mzee mwenye kofia iliyochoka, anaona ufa ukutani. Anashuka mjini anabisha mlango kwa mlango, na hakuna anayemsikiliza kwa sababu anajulikana kwa chupa. Saa nzima filamu inakuonyesha watu wakiishi tu. Mama anaanua nguo. Wachumba wanagombana kuhusu sare za harusi. Baba mmoja anatengeneza kiti kilichovunjika mguu, polepole, mpaka watazamaji wanaanza kupiga miayo. Maji yenyewe yanakuja mwishoni, dakika chache, na ukikaza macho unaona kabisa kwamba nyumba ni za maboksi na maji yamemwagwa kwa ndoo. Anayetaka kucheka anacheka. Mimi nililia kila mara, maana kile kiti nilikuwa nimekiona kikitengenezwa.

Mpya haina muda huo. Dakika ya kumi na moja bwawa limeshapasuka. Maji yanaonekana maji kweli, hilo siwezi kulikataa. Lakini dada mkuu wa filamu anaogelea toka mwanzo wa bonde mpaka mwisho na nyusi hazijafutika. Mbwa anapona. Mume na mke waliokuwa wanataka kuachana wanakumbatiana juu ya paa, eti mafuriko yamekuja kuwapatanisha. Uongo mtupu. Mimi nimeona linachofanya tope kwa watu, na halijampatanisha mtu yeyote.

Na mlinzi wamemtoa. Mahali pake kuna msichana mwenye miwani na skrini nane, anabonyeza kitu na simu za mji mzima zinalia kwa pamoja. Wote wanajua kwa wakati mmoja. Hakuna anayebisha mlango wa mtu.

Jana, Jumamosi mchana, ndiyo nilikuwa naionyesha mara ya kwanza. Banda limejaa. Mwalimu Hamisi alikuwa mbele kama kawaida yake. Ni mwalimu wa fizikia aliyeletwa huku kutoka Tanga, mbishi kuliko wateja wangu wote, na ya zamani anaijua kwa sauti yangu kwa sababu ameiangalia kwenye simu ya kila mtu. Yule msichana wa miwani alipotokea, Mwalimu akageuka akapaza sauti: "Sasa Basili wetu wamempeleka wapi?"

Banda zima likacheka. Na mimi nikacheka, ndani ya maiki.

Basili si jina la kwenye filamu. Nililiweka mimi.

Sisi watafsiri tuna tabia hiyo, tunawapa wazungu majina ya kwetu ili watu wafurahi. Nilipoitafsiri ile ya zamani nilikuwa bado kijijini, upande wa Balangdalalu, naonyesha filamu kwa jenereta. Pale kijijini kulikuwa na Mzee Basili, anayeshusha kuni kutoka mlimani na punda wake. Ana kofia kama ile ile ya mlinzi, na pombe ya kienyeji anaipenda, haikuwa siri ya mtu. Nikaona nimepata. Mlinzi nikamwita Basili, na kila alipobisha mlango nikawapa wenye nyumba jibu moja: "Basili, leo umeanza saa ngapi?"

Watu walianguka chini kwa kucheka. Nikairekodi ile tafsiri, ikahama kutoka simu hadi simu, Hanang yote mpaka huku Mbulu. Mzee mwenyewe akawa anaitiwa hivyo kila kona. Wala hakukasirika. Alikuwa anajibu, "Nimeanza jana, bado naendelea," anampiga punda wake kofi la mgongo, anapita. Nilijiona mtu mkubwa sana. Utani wangu ulikuwa midomoni mwa watu ambao hata siwajui.

Sasa nasema la asubuhi ile.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mama alikuwa amekwenda Nambis kwa mjomba, kwenye ubatizo. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na dada yangu mkubwa, Martina. Saa moja asubuhi yeye yuko jikoni anakoroga uji, mimi bado niko kitandani, mlango ukagongwa. Sauti ya Mzee Basili: tokeni, mlima unashuka na korongo, tokeni sasa hivi.

Nikajibu kutoka kitandani. Mnajua nilijibu nini.

Martina alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mzee akagonga tena, mara moja, akasema, "Jamani, leo sijaonja." Halafu nikasikia miguu yake kwenye matope inaondoka. Alikuwa na nyumba nyingine za kwenda.

Nikaamka. Nikanywa uji. Nikachukua simu kwenda kuichaji kwenye duka lenye sola, ng'ambo ya barabara, juu kidogo. Martina akanituma chumvi. Nilikuwa nimesimama dukani napiga soga na mwenye duka niliposikia mlio. Tope halivumi kama maji. Ndani yake kuna mawe, na mawe yanagongana, kama mashine ya kusaga iliyoingia changarawe. Nilipogeuka, nyumba yetu haikuwepo. Palikuwa na kitu cha rangi ya chai ya maziwa, kinatembea.

Martina tulimpata kesho yake.

Familia mbili za jirani zilitoka kwa sababu ya Mzee Basili, na pale msibani walikuwa wanamshukuru mbele za watu. Mama akasikia. Mzee alipokuja kumpa pole na mkono ameunyoosha, Mama hakuupokea. Akamwambia, "Umewagongea wote, kwangu ukapita." Mzee akasema, "Nilibisha, Mama Martina." Mama akasema, "Ungebisha mwanangu angetoka."

Mzee akanitazama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama, hatua mbili. Angeweza kusema palepale, na hakuna ambaye angemlaumu. Akatazama kofia yake mkononi, akanyamaza, akaondoka.

Nilinyamaza na mimi.

Tangu siku ile hadithi ikawa hiyo: Basili alikuwa amelewa, akaruka nyumba ya Mama Martina. Hata wale aliowaokoa wakaanza kuisema, kwa sauti ya chini lakini wakaisema. Nimesikia ameacha kupita njia ya kwetu, anazungusha punda mbali, kupitia makaburini. Mama alihamia Nambis kwa mjomba, mimi nikaja hapa mjini nikafungua banda. Kila nikienda kumsalimu, lazima jina la yule mzee litajwe, na halitajwi kwa wema. Mimi nakunywa chai, nakubali kwa kichwa. Nilijiambia namwonea huruma Mama, asiongezewe uchungu. Mwongo mimi. Nilikuwa najionea huruma mwenyewe.

Nirudi jana. Baada ya lile swali la Mwalimu Hamisi na vicheko vyake, filamu ikafika mahali maji yanaporomosha kilima. Na hawa watu wa filamu mpya, na nyusi zao na mbwa wao, kitu kimoja wamekipatia. Wameweka mawe ndani ya tope. Ule mlio ukatoka kwenye spika zangu mwenyewe.

Nikashindwa kutafsiri. Banda lilikaa na Kiingereza kitupu kama dakika ishirini na hakuna aliyelalamika, hata mmoja. Ilipoisha, Mwalimu Hamisi alikuja nyuma akaniwekea mkono begani. "Pole sana, DJ. Nilisahau habari za dada yako, nisamehe." Anajua nilifiwa. Alidhani ninamlilia Martina tu, na mimi nikaipokea ile pole kana kwamba yote ni yangu.

Jana hiyo hiyo, nilipokuwa nazungusha nyaya, ndipo nilipolipata jibu la swali lenu. Yule msichana wa miwani alipotokea mahali pa mlinzi, kabla hata Mwalimu hajapaza sauti, mimi nilishusha pumzi. Nilifurahi kwamba mzee hayumo. Bila yeye hakuna mlango uliobishwa wala mtu aliyejibu kutoka kitandani. Maji yanakuja, watu wanakufa, makosa ni ya bwawa. Ni filamu nzuri sana kwa mtu kama mimi. Ningeweza kuiangalia maisha yangu yote nikalala usingizi.

Kwa hiyo hapana, haijaifikia. Ya zamani, na maboksi yake na ndoo zake, ilithubutu kutuonyesha watu wema wanaomcheka mtu anayekuja kuwaokoa. Ilinionyesha mimi, na nilikuwa na maiki mkononi, nikaigeuza kichekesho.

Leo asubuhi baada ya ibada nilichukua bodaboda mpaka Nambis. Mama alikuwa nje ya nyumba ya mjomba, anapukuchua maharage kwenye ungo. Nilimwambia yote kwa Kiiraqw, maana kwa Kiswahili ningejisikia kama natafsiri maneno ya mtu mwingine. Nilimwambia kuhusu filamu, jina, lile jibu, uji, chumvi. Nilimwambia kwamba Martina alicheka. Hilo ndilo lililonishinda zaidi kulitoa, kwa sababu Mama miaka yote hii anaamini Martina alikuwa hajui lolote.

Hakuacha kupukuchua. Ganda, ganda, ganda. Nilifikiri hakusikia.

Halafu akauliza kitu kimoja. "Alipobisha, ulimwamkia?"

Nikasema hapana.

Kwetu mtu mzima akifika mlangoni unamwamkia, unamfungulia, unampa kigoda. Akishakaa ndipo anasema kilichomleta, na hata kama ni mlevi, hata kama ni adui, unamsikiliza mpaka amalize. Tumelelewa hivyo wote. Salamu moja tu ingemwingiza Mzee Basili ndani, na macho yake tungeyaona, na tungejua. Mimi nilimwita jina lake kama mtoto mwenzangu, kwa sababu nilikuwa nimemzoesha kijiji kizima kumwita hivyo.

Mama akaweka ungo chini. Akasema, "Na mimi nilimnyima mkono." Alisema hivyo mara mbili, bila kunitazama. Hakulia, hakunigombeza, na ningetoa chochote anigombeze. Akaingia ndani, akatoka na kitenge chake cha kanisani kimekunjwa, akakiweka kwenye mfuko.

"Kesho tunakwenda Balangdalalu. Utasema wewe, mbele ya wote waliokuwa msibani. Mimi nitaomba langu. Lako sitakusaidia hata neno."

Ni mara ya kwanza nimeondoka nyumbani kwa mama yangu bila kuambiwa karibu chakula.

Basi la asubuhi linaondoka saa kumi na mbili, yeye nitampitia njiani. Ile rekodi nimeifuta kwenye flashi zangu zote. Najua haisaidii. Sauti yangu imo kwenye simu za watu wengi, na pengine hata leo kuna mtu mahali anacheka. Mnaoisoma shajara hii na mnayo, ifuteni, nawaomba.

Najaribu kupanga maneno ya kesho na hayapangiki. Mimi ninayesemea watu ishirini kwenye filamu moja. Ninachokijua ni mwanzo tu: nitafika mlangoni kwake, nitavua kofia, nitasema shikamoo.

Asipoitikia nitaelewa. Nitasimama hapohapo nje, niseme yote.

Akiitikia, akasema marahaba mwanangu, karibu ukae, sijui nitaanzia wapi.