Nimpigie Nani Magoti Asubuhi ya Idd?

Mpendwa Bibi Mshauri, naomba unisaidie kabla mwezi haujaandama. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, naishi hapa Kebumen kwa Mama Mkubwa Sumiyem, ambaye si ndugu yangu wa damu, alikuwa jirani tu, anakaanga rempeyek, vile vibanzi vyembamba vya unga na karanga, na kuuza sokoni, na siku mama yangu alipokwenda Malaysia kutafuta kazi za ndani aliniacha kwake na mfuko wa nguo akasema, "Siku mbili tu, dada, baba yake atakuja kumchukua," kumbe baba alishahamia Kalimantan, ng'ambo ya bahari, kwa mke mwingine, na simu ya mama ikaacha kupatikana, basi hizo siku mbili zimeingia mwaka wa sita na mfuko ule sasa unawekewa vitunguu.

Sikuteswa, nisiseme uongo. Mwanzoni nililala na viatu miguuni nikingoja kuitwa, baadaye nikavivua, nikajifunza kukaanga, nikarudi shule, hata Baba Mkubwa Giman, mumewe, ambaye huongea zaidi na ndege wake wa tunduni kuliko na watu, sasa ananiachia nimlishe ndege huyo. Juzi akaja shangazi yangu, dada yake baba, ambaye nyumba yake ina vyumba vinne na hakuna hata kimoja kilichowahi kunitosha, amejipaka poda, akasema, "We Tyas, baba yako anakuja Idd na mkewe na mwanawe. Asubuhi mapema uje umfanyie sungkem, usituaibishe." Nikamuuliza, "Yaani nipige magoti, niinamishe paji la uso mapajani kwake, nimwombe radhi kwa kosa gani, shangazi?" Akajibu, "Makosa hayakosekani. Magoti yenyewe bado mapya hayo, yanakuuma nini?" Bibi, nimejichunguza, na kosa ninaloliona ni kwamba nilikuwa nakula sana.

Mama Mkubwa anasema, "Nenda, mwanangu, baba ni baba," lakini tangu siku hiyo sufuria zinagongwa, pazia lile lile limefuliwa mara mbili, nikisahau kufunika wali nafokewa mpaka jirani anasikia, na jana alimgeukia paka akamwambia, "Na wewe mla bure, unangoja nini? Si uende kwenu!" nami nikaona naambiwa mimi. Idd iliyopita nilitaka kumpigia yeye magoti, akakimbilia jikoni akisema wali unaungua, na moto ulikuwa haujawashwa. Nisipokwenda kwa baba naogopa kukosa radhi, nikienda naogopa nikirudi nitakuta mfuko wangu umetolewa vitunguu. Mimi ni wa nani?

Tyas, Kebumen


Tyas mwanangu, pole. Sasa acha nikufokee kidogo, maana naona umezoea.

Una macho ya kuona poda ya shangazi lakini lililo mbele ya pua yako hulioni. Mgeni hafokewi kwa ajili ya wali. Mgeni huambiwa "acha tu, haidhuru," na mwenye nyumba akaufunika mwenyewe. Mimi nimekaa kwa watu, nimeambiwa haidhuru mpaka nikachoka. Huyo mama anagonga sufuria kwa sababu anaogopa utachukuliwa, na hana hati wala damu ya kukudai, ana sauti tu. Na paka je, aliondoka? Basi paka anajua kwao ni wapi, na shule hajaenda.

Sasa baba yako. Hukukosa kitu. Ulaji wako haukumpeleka mtu Kalimantan. Lakini sungkem ina upande wa pili ambao shangazi kwa haraka zake ameusahau: anayepiga magoti akishasema yake, aliyeketi naye husema, "Nami nimekukosea mengi, mwanangu, unisamehe." Hiyo si hisani, ni nusu ya shughuli.

Fanya hivi. Mkitoka kuswali, anza na nyumba unayolala. Mama Mkubwa akikimbia, mfuate, piga magoti hapo hapo penye maganda ya vitunguu, useme yako yote. Radhi unayoogopa kuikosa, aliyekulisha naye anayo. Kisha Baba Mkubwa. Akikujibu kwa kupitia kwa ndege, hilo nalo ni jibu. Mchana nenda kwa baba, lakini usiende peke yako. Nendeni watatu na mkebe wa rempeyek mkononi, kama watu waliotoka kwao kwenda kusalimia. Mkono wake ubusu, maana hiyo ni haki ya kila mkubwa. Magoti utaamua wewe ukiwa mbele yake, si shangazi. Ukiyapiga, usikiri kosa usilolijua. Sema, "Baba, nimekuja kukusalimu," ubaki hapo kimya. Usimsaidie. Mwache atafute maneno yake. Akiyapata, yapokee. Asipoyapata, inuka, kunywa chai, mbembeleze huyo mdogo wako ambaye hana hatia, mrudi nyumbani.

Na wewe Bi Sumiyem, najua kurasa hizi huishia kufungia biashara yako, lakini huu usome kwanza. Mtoto anaogopa kukuuliza, nawe unaogopa kumwambia, mnamsumbua paka bure. Asubuhi hiyo vaa kebaya yako nzuri, tafuta kiti, ukae. Ukae mpaka amalize.